Hutakuja Bacharach, Dada Rukia

Dada yangu Rukia, uliyenilea,

Salamu zako zimefika. Binti yako Asya alinipa juzi, amekaa jikoni kwangu hapa Malaz, Riyadh, akimenya vitunguu, na aliyasema maneno yako bila kuniangalia, kama mtu aliyetumwa jambo asilolipenda. Umesikia kwamba mwezi ujao tunakwenda Ujerumani, mimi na mume wangu Khalfan, pamoja na Asya na mumewe, na kwamba tutalala Bacharach. Umeomba na wewe uwemo. Umesema ni Jumamosi na Jumapili tu, na kwamba huko ugenini ndugu wawili watapata nafasi ya kuzungumza mpaka yaishe.

Jibu langu ni hapana. Nimelitanguliza ili usiisome barua hii kwa matumaini.

Naiandika wazi, na nakala nampelekea Bi Zeyana awasomee kina mama wa Jeddah watakapokutana Ijumaa. Wewe uliponisema, ulinisema mbele za watu, nami nakujibu mbele za watu. Kuna wanawake waliohamia Jeddah baada ya mambo yale, ambao wamesikia kwako kwamba mdogo wako ana moyo mgumu. Ni kweli ninao. Wanastahili kujua moyo huo ulivyopata kuwa mgumu.

Nianze na mema yako, maana yalikuwapo na sitaki mtu aseme nimeyazika.

Mwaka tulioondoka Unguja mimi nilikuwa mtoto wa miaka tisa na wewe umeshakuwa mwari. Mama alifariki Mombasa tukiwa tunangoja meli, na Baba hakujua hata kumsuka nywele mtoto wa kike. Wewe ndiye uliyeshika yote. Ulikuwa ukinichana kwa kitana cha Mama, ukinivuta kichwa mpaka nalia, kisha unanipa tende ninyamaze. Ulinifundisha kusoma kwa kuandika herufi kwenye vumbi la dirisha. Nilipokuwa na homa ulilala chini ya kitanda changu ili ukisikia nimegeuka uamke.

Na ile siku tuliyofika Jeddah. Tulisimama juani bandarini, kwenye foleni ya kukaguliwa, tangu asubuhi mpaka jua likawa la utosi. Sikuwa nimetia kitu tumboni. Nikaona kiza, nikaanguka. Watu walirudi nyuma wakidhani tumeleta maradhi, na askari akaja mbio kuuliza mtoto ana nini. Wewe ulikuwa umeshaniinua na kunifunga mgongoni kwa kanga ya Mama. Ulimjibu kwa Kiarabu chako cha chuo cha Kurani, "Ana njaa tu." Akauliza tena, ukarudia palepale, "Ana njaa tu," mpaka akachoka akatupitisha. Tangu siku hiyo niliamini kwamba popote nitakapoanguka, wewe utasimama na kusema kweli juu yangu.

Halafu ukaolewa na Shemegi Hilal, ukahamia nyumba kubwa ya mtaa wa Al-Rawdah hapohapo Jeddah, na mimi nikamfuata Baba Riyadh alikopata kazi ya ukarani. Ukawa unanipigia simu kila wiki. Ulipozaa Asya ulinitumia picha yake kabla hujamtumia mtu mwingine. Nasema haya ili kina mama waelewe kwamba hatukuwa ndugu wa kuamkiana tu. Sikuwa na mama mwingine zaidi yako.

Miaka ile pesa ya mafuta ilipofumka, Riyadh ilichimbuliwa kila upande. Ulikuwa unatoka asubuhi barabara ipo, ukirudi mchana pana shimo na lori la saruji limesimama kando. Kwenye jengo letu la Malaz, chini yetu, alihamia mhandisi Mjerumani wa kampuni iliyolaza mabomba ya maji, pamoja na mkewe Helga. Mumewe akishinda kazini tangu alfajiri na yeye akibaki na kiyoyozi na kuta nne. Alipanda kwetu siku moja kuuliza hamira inauzwa wapi, akakaa mpaka adhana ya Alasiri. Tangu hapo akawa anakuja kila nikitoka kufundisha skuli. Mimi nilimfundisha kukunja sambusa na yeye akanifundisha Kijerumani.

Alikuwa na kiu ya kwao. Kila somo liliishia kwenye mji aliozaliwa, Bacharach, ukingoni mwa mto Rhine. Aliniambia habari za nyumba zilizojengwa kwa mbao zilizopishana, ghorofa ya juu imejitokeza mbele ya ile ya chini, kama wanawake waliochungulia dirishani kusikiliza ya jirani. Mji umezungushiwa ukuta wa kale, na mtu anaweza kutembea juu yake kutoka mnara mmoja hadi mwingine. Juu ya mji pana ngome, na kando zake mizabibu imepanda mlima mkali hata wavunaji hubeba vikapu mgongoni, maana hapana chombo kinachopita. Watu wa mji huo wanaishi kwa mvinyo tangu enzi za mababu zao. Baba aliposikia alicheka sana. Alisema katika miji yote ya Ulaya binti yake amependa mji unaoendeshwa na ulevi.

Na Mbarouk, mtoto wa Bi Zeyana, alikuwa anasoma uhandisi Mainz, mwendo mfupi wa treni kutoka huko.

Unakumbuka Idi ile alipokuja likizo, ukatualika sote chakula cha mchana. Aliniuliza mbele yako kama ningeweza kuishi nchi ya theluji. Nikamwambia ningenunua soksi. Alicheka mpaka akaweka kijiko chini, na baada ya hapo kila nilipoinua uso nilimkuta ananiangalia. Wiki haikupita, Bi Zeyana akakupigia wewe simu. Alikupigia wewe kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa mshenga wa Wazanzibari wa Jeddah. Ulikuwa unaingia nyumba ya watu na maneno matatu na kutoka na harusi. Watu walikuaminia watoto wao.

Ilisadifu Shemegi Hilal alikuwa anakwenda Wiesbaden kutibiwa magoti, nawe unakwenda naye, pamoja na wifi yako Nuru, maana hukuthubutu kumwacha nyuma. Ukaniambia kwenye simu kwamba na mimi nitakwenda. Mbarouk angekutana nasi huko, tuonane mbele ya wakubwa, na posa ije rasmi tukisharudi. Uliniuliza kama najua mahali pazuri, kwa sababu mambo kama hayo hayapendezi kufanyiwa kwenye chumba cha hospitali.

Nikakwambia najua.

Nani alipanga safari ile, Dada Rukia? Kina mama wameisikia kwako kama kazi yako. Niliipanga mimi na Helga kwenye sakafu ya chumba changu, juu ya karatasi ya kufungia nyama aliyoichorea mji wote, tangu stesheni na lango la ukuta, hadi kanisa na kichochoro cha nyumba ya wageni ya shangazi yake. Jumamosi asubuhi tungepanda treni Mainz, tukae upande wa kulia, kwa sababu mto uko upande huo. Helga alimpigia shangazi yake simu kumweleza kwamba samaki wetu wakaangwe kwa siagi, si kwa mafuta ya nguruwe, na kwamba badala ya mvinyo atuletee maji ya zabibu kabla hayajachacha, lakini kwenye bilauri zilezile nzuri, tusionekane wanyonge. Shemegi Hilal na magoti yake angekaa chini ya miti kando ya mto, na wewe pamoja naye. Mimi na Mbarouk tungepanda ukutani tukatembea, na Nuru nyuma yetu hatua chache, kwa ajili ya heshima. Jumapili tungepanda meli ya mtoni kutazama ngome, kisha kurudi.

Nilikusimulia haya yote kwenye simu, nawe ukanitaka nirudie. Uliniuliza kama ukuta una pa kushika mkono. Uliniuliza kivuli kiko wapi hasa, na mtu aliye chini ya miti anawaona walio juu au hawaoni. Mimi nilidhani unanipenda kiasi hicho. Kumbe ulikuwa unakariri.

Nilikuja Jeddah na sanduku langu. Pasi yangu ya kusafiria ulishaichukua kuipeleka ubalozini. Siku chache kabla ya safari uliingia chumbani, mimi na Asya tunapiga pasi nguo, ukakaa kitandani, ukasema viza yangu imekataliwa.

"Mambo ya ubalozi, Thuwaiba. Halas. Hakuna la kufanya."

Ukalia. Na mimi, ewe dada, ndiye niliyekufuta machozi. Nilikupa ile karatasi ya Helga ili usipotee. Nilikaa nawe barazani nikakufundisha kusema kwa Kijerumani "bila mvinyo, tafadhali," mpaka ulimi wako ukaweza. Nilipokuuliza Mbarouk ataambiwa nini, ulinishika mashavu.

"Nitakusemea," ulisema. "Nitakusemea vizuri kuliko ambavyo ungejisemea."

Nikabaki na watoto wako. Jumamosi ile nilimweleza Asya saa kwa saa. Sasa mama yako anapita langoni. Sasa wanakula samaki. Sasa wako juu ya ukuta. Alikuwa na miaka kumi, akafurahi kama mtu anayesikiliza hadithi.

Baada ya siku chache mlango ulibishwa. Alikuwa Bi Zeyana, na sinia la halua kalifunika kitambaa. Nilijua zimekuja habari njema. Lakini aliniwekea mkono kichwani kama watu wanavyomwekea yatima.

"Mwanangu, mimi nilikupenda sana," alisema. "Lakini maradhi yanatoka kwa Mungu, na mtu hana la kufanya."

Nikamuuliza maradhi gani. Alimtazama Asya, akapunguza sauti. Aliniambia umempigia simu kutoka Ujerumani. Ulimwambia Mbarouk, kwa machozi, kwamba mdogo wako ana kifafa. Kwamba aliwahi kuanguka bandarini mbele za watu tangu utotoni, na mpaka leo anaanguka, na familia inaficha, lakini wewe ni mshenga mwenye kumwogopa Mungu na huwezi kumfichia mtoto wa watu. Kisha ukamtuma akamwonyeshe Nuru ukuta, asikae bure. Waliporudi chini ya miti, jambo likawa limeshakwisha. Halua ilikuwa ya posa ya Nuru.

Bi Zeyana alipoondoka, Asya aliniletea maji. Alisimama mbele yangu na bilauri mikono miwili.

"Mama mdogo, umefiwa?"

Nikamwambia ndiyo. Alidhani natania, akangoja nicheke.

Ningeweza kusema siku hiyohiyo. Nilimpigia Baba simu kwanza, na Baba akanisihi nifumbe mdomo. Ikama yake, kibali cha kuishi, ilikuwa mikononi mwa kafili, mdhamini wake, ambaye ni rafiki wa Shemegi Hilal, na mtu mzima kama yeye akifukuzwa Saudia hakuwa na pa kurudi. Kwa hiyo nilipika, nikawaogesha wanao, nikakungoja.

Ulirudi na zawadi. Yangu ilikuwa kitambaa cha kichwa chenye picha za zabibu. Nilikuuliza jikoni, tukiwa wawili, na hukukataa. Hilo nalikumbuka zaidi ya yote, kwamba hukujisumbua hata kudanganya.

"Nuru anazeekea nyumbani kwangu," ulisema. "Kila siku ni ugomvi na kila siku kaka yake anasimama upande wake. Wewe una Baba, una kazi, una sura. Utapata. Nuru nani atamchukua?"

"Na kifafa?" nikauliza.

"Ilibidi niseme kitu. Ungekuwa mimi ungefanya vivyo hivyo."

Nikamaliza kuosha sahani. Wewe ukadhani nimekubali. Hukunijua, na wewe ndiye uliyenilea.

Ijumaa iliyofuata kina mama walijaa ukumbini kwako kusikia habari za Ulaya. Bi Zeyana alikaa mbele, mahali pa mkwe. Nilipitisha kahawa huku nikikusikiliza unasimulia mji wa Helga kwa maneno yangu. Nyumba zilizochungulia mtaani kama wanawake. Maji ya zabibu kwenye bilauri za mvinyo, na Hilal anayanusa mara mbili kabla ya kunywa. Walicheka sana. Ulikuwa msimuliaji mzuri, sitakunyima hilo. Mlipotulia, niliweka dele la kahawa chini na kuuliza.

"Dada, waeleze kina mama ile siku nilipoanguka bandarini. Ulimwambia nini askari?"

Ulicheka. Ukasema hayo ya zamani, watu hawataki kusikia ya bandarini. Nikakwambia mimi nataka. Ukatazama watu, ukaona wanangoja.

"Nilimwambia una njaa."

"Ilikuwa kweli au uongo?"

"Kweli."

"Na Mbarouk ulimwambia nini?"

Bi Zeyana aliweka kikombe chake sakafuni polepole, akakuuliza, "Rukia, mtoto huyu anaanguka au haanguki?" Na wewe ukainua mkono ukarekebisha buibui lako, ambalo halikuwa na kasoro. Wote waliona. Mmoja mmoja wakaanza kutafuta viatu vyao.

Watu husema kisasi hakina utamu. Mimi nakwambia changu nilikionja, na kilikuwa kitamu. Nilikutazama umekaa peke yako katikati ya mito na vikombe, na sikusikia huruma hata chembe. Nilikusanya vikombe nikaviosha, nikafunga sanduku langu, nikarudi Riyadh.

Baba hakudhurika. Shemegi Hilal, ambaye nilimhofia bure, alimpigia mwenyewe simu na kumwomba radhi. Alikuwa hajui. Alidhani kweli naanguka na viza imekataliwa, kumbe pasi yangu haikuvuka mlango wa nyumba yenu. Tangu siku hiyo, nasikia, kila ukimwambia habari ya mtu humuuliza na mtu huyo pia.

Bi Zeyana alitaka kuvunja posa. Alikuja mpaka Malaz kunieleza. Mbarouk naye alinipigia simu kutoka Mainz, sauti inakwenda na kurudi, akasema ametapeliwa, na kwamba nikisema neno moja ataanza upya. Nilimjibu neno moja lilikuwapo tangu mwanzo, angeniuliza mimi. Mwanamume aliyenihukumu bila kuniuliza sikuwa na haja naye tena, ingawa nilimlilia mwaka mzima. Nuru hakuwa na kosa, alipelekwa ukutani kama mimi nilivyoachwa nyumbani. Nikamwambia Bi Zeyana amwoze. Sikufanya hivyo kwa wema mtupu. Nilijua kila utakapomwona Nuru na mumewe, utajiona mwenyewe chini ya miti ile.

Na ushenga wako ukafa. Hakuna aliyekutukana. Waliacha tu kukutuma. Mikutano ya Ijumaa ikahamia nyumba nyingine, ukawa unakwenda kama wengine na kukaa pale ulipopata nafasi. Ndipo ukaanza kusema kwamba nilikufedhehesha kwa ajili ya mwanamume. Hukusema mwanamume yupi, wala ulimfanya nini.

Lakini hiyo ilikuwa nusu tu ya kisasi changu.

Asya alipomaliza skuli alikuja Riyadh kusoma ualimu. Mimi nilikuwa nimeshaolewa na Khalfan, fundi wa simu, mtu mpole ambaye siku ya kwanza alinikalisha mbele ya Baba akaniuliza mwenyewe kila alichotaka kujua. Hatukujaaliwa mtoto. Asya alifikia kwetu kwa muda, mpaka apate nafasi bwenini. Nafasi ilipatikana upesi. Mimi ndiye niliyemwambia asiende. Nilimpa chumba chenye dirisha, nikamshonea mapazia, nikamchana nywele kwa kitana cha Mama, na simuumizi kichwa. Ulipokuwa ukipiga simu nikipokea mimi, nilikujibu kwa adabu kwamba anasoma. Wakati mwingine kweli alikuwa anasoma. Wakati mwingine alikuwa ubavuni mwangu tunatazama televisheni, akanitikisia kichwa.

Siku moja aliniuliza kwa nini nilimwambia nimefiwa. Alikuwa hajasahau. Nikamweleza kama ninavyoeleza hapa, bila kuzidisha wala kupunguza, na nilimweleza nikijua nafanya nini. Ukamtafutia mume Jeddah, mtoto wa mshirika wa baba yake, akakataa. Akamtaka mwalimu mwenzake wa hapa, kijana wa Kimombasa. Watu wa kijana walikuja kwangu kuulizia, kama ilivyo ada, nami nikawaambia kweli: msichana mzima, mwenye akili, asiyesema uongo. Harusi ilitoka nyumbani kwangu. Shemegi Hilal aliridhia, akaja akamwozesha. Wewe ulikaa safu ya tatu, nyuma ya majirani zangu, na bibi harusi alipoinuka kwenda kumbusu mkono mama yake, alikuja kwangu. Ndipo akaja kwako.

Sikumtuma afanye hivyo. Wala sikumgeuza njia.

Sasa Nuru ndiye anayetualika Ujerumani. Naam, wifi yako. Aliponipigia simu mara ya kwanza alikuwa analia, akasema kila treni inapopita Bacharach hufumba macho. Nikamwambia afumbue, nitakuja tutazame pamoja. Kwa hiyo nimerudi sakafuni na ramani. Helga amesharudi kwao na anamsaidia shangazi yake nyumba ya wageni. Ametupa vyumba vinavyotazama mtoni. Nuru na Mbarouk watatupokea Mainz, na Nuru amesema atabeba chapati kwa sababu mkate wa huko haumshibishi. Asya anataka kupanda mpaka ngomeni, nami nimempigia marufuku, maana ana mimba changa na njia ni kali. Atakaa na mimi chini ya miti. Khalfan na wanaume wataona mizabibu, na Jumapili sote tutapanda meli. Ni safari ileile, dada, na sisi uliotudanganya tumo. Huwezi kuwemo nawe.

Umemwambia Asya kwamba umechoka, kwamba sisi ni wawili tu tuliobaki tangu Baba alipofariki, na kwamba nikupe radhi yangu. Mimi ni mdogo wako, radhi haitoki kwangu kwenda kwako. Ukitaka msamaha, sina. Nimeutafuta kwa haki kabisa, nimekaa kwenye mswala nikautafuta, nikakuta nimebakiwa na kumbukumbu ya mgongo wako na joto la kanga ile, na hiyo ndiyo inayozidi kunichoma. Angenifanyia vile mtu baki, ningeshasahau.

Nina jambo moja la kukwambia, nalo si la safari.

Asya atajifungua wakati wa baridi. Anatakiwa akazalie kwa mama yake, ndivyo tulivyolelewa. Ameniomba akae arubaini yake hapa Malaz, nami nimeshamwandalia chumba. Utakuja, najua, kwa sababu hutaweza kukaa. Utapanda ndege kutoka Jeddah, utapanda ngazi za jengo hili, utapiga hodi. Sitakufungia mlango. Nitakukaribisha kwa tende na kahawa kama ninavyomkaribisha mgeni yeyote. Mtoto atakuwa mikononi mwangu. Utaninyooshea mikono, nami nitangoja mpaka uniombe kwa mdomo wako. Ukishaniomba, nitakupa. Mpakate, mnuse kichwa, msomee dua zako.

Kisha utanirudishia.

Mdogo wako,
Thuwaiba